Magari Tisa na Daftari la Msiba

Usukani ulizunguka wenyewe. Tusekile hakuugusa. Mikono yake ilikuwa imeshika kikombe cha chai, maana tangu Mwongozo uanze kuendesha kila chombo kwenye Barabara Kuu, dereva wa tela hana kazi nyingine zaidi ya kukaa kitini na kuhesabika kuwa mtu. Walikuwa wanateremka Kitonga, kona ya nne, saa tano asubuhi. Nyuma yao tela la ghorofa mbili lilikuwa limebeba magari tisa ya marehemu baba yao, na katika hayo tisa hakuna hata moja linalowaka. Breki zilikuwa zimepata moto, harufu yake imeshaingia hadi ndani, na uzito wa tela ulianza kuwasukuma.

Upande wa pili kigari cha mizigo kilikuwa kinapanda taratibu. Tela lilihitaji barabara nzima ili likate ile kona. Basi kile kigari kikaacha njia. Hakikufunga breki wala hakikupiga honi. Kilipinda tu, kama mtu anayempisha mkubwa wake mlangoni, kikajibamiza kwenye ukuta wa mawe, kikageuka, kikalala ubavu, nusu mtaroni na nusu barabarani. Tela likapita pembeni yake kwa nafasi ya kiganja, likaenda kusimama mita mia mbili chini, kwenye uwanja wa kupozea breki.

Chai yote ilikuwa mapajani mwa Tusekile, na hakuusikia moto wake.

"Poleni kwa mshtuko," Mwongozo ulisema, kwa ile sauti yake ya mhudumu wa hoteli. "Abiria wote thelathini na watatu wako salama. Chombo kilichoondolewa njiani kilikuwa kitupu."

Ndani ya lile lori walikuwa watu wawili: yeye na mdogo wake, Lugano.

"Abiria wangapi?" aliuliza.

Lugano alikuwa ameshanyoosha mkono kuipunguza sauti. Ndivyo alivyofanya njia nzima tangu Uyole, eti sauti hiyo inampa maumivu ya kichwa, na Tusekile, mjinga wa watu, akamwonea huruma.

"Umesikia vibaya, dada."

Tusekile hakubishana naye. Alifungua mlango, akaruka chini, akaanza kukimbia kuupanda mlima.

Sheria ya Barabara Kuu ni fupi kuliko akili ya walioitunga: chombo kisichowaka ni taka, na taka husafirishwa ikiwa imesagwa. Baba yao, Fundi Asegelile, alipigana na sheria hiyo kwa miaka kumi na miwili, na silaha yake ilikuwa moja tu, kukataa kuyatoa magari yake uani. "Gari halifi," alikuwa akiwaambia waliokuja na karatasi. "Linasubiri spea." Kila Jumamosi aliyaosha yote tisa, Land Rover, Zephyr, Peugeot 404, zile Datsun mbili, na mengine ambayo hata mafundi wenzake walikuwa wameyasahau majina. Jumba la makumbusho ya barabara kule Kibaha lilikubali kuyapokea, mradi yafike. Siku tatu kabla ya kufa alimshika Tusekile mkono akamwambia maneno mawili tu. Yafike mazima.

Kutoka Uyole hadi Kibaha ni karibu kilomita mia nane. Lugano, ambaye mikono yake inajua nyaya kama ya baba yao ilivyojua bolti, alikuja na vijaluba tisa, kila kimoja saizi ya kibiriti, akaviweka chini ya viti vya magari. Alisema vinatoa mlio wa injini ambao Mwongozo unausikia, basi. Tusekile alikubali. Kuidanganya sheria ya kipumbavu kuhusu injini hakukumnyima usingizi. Na kweli, njia nzima walipishwa. Makambako malori yaliwapisha, Mafinga msafara mzima wa mabasi ulisogea pembeni, naye akamshukuru Mungu akadhani ni dua za baba. Sasa akikimbia na suruali iliyolowa chai alianza kuelewa kwamba hakuna dua yoyote hapo.

*

Kigari hakikuwa kitupu. Kilikuwa kimejaa vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimemwagika barabara nzima, na katikati ya vitunguu alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, damu inamchuruzika kwenye paji la uso, anaita, "Remigi. Remigi, nijibu."

Remigi alijibu kutoka ndani. Sehemu ya mbele ya kigari ilikuwa imebonyea ikamkalia mguu wa kulia kuanzia gotini. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, na kofia bado ilikuwa kichwani.

"Usinivute," alimwambia Tusekile kabla hajamgusa. "Mguu umekwama kwenye chuma."

Tusekile alipiga simu ya dharura. Ikapokewa papo hapo, na ilikuwa sauti ileile.

"Eneo hilo halina majeruhi," Mwongozo ulisema.

"Ninawaona kwa macho yangu. Wako wawili. Mmoja amebanwa."

"Hakuna punje ya mtu katika eneo hilo, isipokuwa yako na zilizomo kwenye tela lako. Mabaki yaliyoko barabarani yataondolewa na Fagio baada ya dakika ishirini na sita. Tafadhali kaa mbali na mabaki."

Punje ni ile chembe, ndogo kama ulezi, ambayo mtoto huwekewa kliniki chini ya ngozi ya kifundo cha mkono siku ya chanjo ya kwanza. Mwongozo haujui sura ya mtu, haujui sauti yake, unajua punje. Ukiwa nayo, malori yanasimama ukivuka. Usipokuwa nayo, wewe ni mbuzi: unapigiwa honi, na ukibaki barabarani ni shauri lako. Na Fagio ni mashine iliyofanywa kwa ajili ya vitu visivyo na punje. Lina meno mbele na shinikizo tumboni, linameza gari zima na kutoa nyuma kipande cha chuma chenye ukubwa wa kigoda. Halichungulii ndani kwanza, kwa sababu limeshaambiwa hakuna mtu.

Yule mama alikuwa anamkazia macho.

"Wewe si mtoto wa Fundi Asegelile?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi ni Mama Viktoria Nyenza, wa Ilula. Baba yako ametutengenezea magari miaka yote. Tulikuja msibani Uyole, tukalala siku mbili. Tulisaini daftari." Alijifuta damu jichoni. "Mwanangu, mbona wanasema hatupo? Tangu asubuhi hiki kigari kinatuambia hakina mtu. Tumetoka Ruaha Mbuyuni kinasema, 'safari ya gari tupu'. Remigi akacheka, akasema afadhali, leo tumekuwa malaika."

Katika yote hayo Tusekile alishika neno moja. Tulisaini daftari. Siku hizi daftari la msiba halina kalamu. Unaweka kifundo cha mkono juu ya ukurasa, punje inasomwa, jina linajiandika lenyewe, na hakuna mtu anayekataa, maana nani aje kuzika kisha akatae kuonekana kwamba alikuja? Aliyekaa na daftari msibani alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu, kama desturi inavyotaka. Na daftari hilo lilikuwa sasa hivi ndani ya lori, chini ya kiti cha Lugano. Tusekile aliliona wakati wa kupakia mizigo, akadhani mdogo wake anabeba kumbukumbu.

Aligeuka. Lugano alikuwa amefika, anahema, anaangalia vitunguu asiangalie kitu kingine.

"Kwenye vijaluba kuna nini?"

"Dada, kwanza tuwasaidie hawa."

"Lugano. Kuna nini?"

Akamwambia. Aliongea haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka maneno yapite kabla hayajasikika. Mlio wa injini hautoshi, Mwongozo hausikilizi injini. Gari lenye mtu ndani ni gari hata likiwa bovu, na gari lisilo na mtu ni chuma tu. Kwa hiyo vilihitajika punje.

"Kwa hiyo ukachukua za waombolezaji."

"Nimeziazima tu. Siku mbili. Tukifika Kibaha nazima, kila mtu anarudi kwake. Mtu hawezi kuwa mahali pawili, dada, Mwongozo unashika punje inayosikika zaidi, na kijaluba kinasikika kuliko mkono. Sikudhani kama..."

"Uliwaomba?"

Lugano akarudi kuangalia vitunguu.

"Magari ni tisa," Tusekile alisema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Tisa, Lugano. Nipe sababu ya kuweka watu thelathini na mmoja."

"Foleni," mdogo wake akasema. "Mkiwa wengi mnapishwa."

Tusekile alimpiga kofi. Hakuwa amempiga tangu wakiwa wadogo, na lile kofi lilitoka na nguvu zote za dada mkubwa aliyemlea. Hasira ilimjaa hadi masikioni. Watu walisafiri kutoka Ilula, kutoka Tukuyu, kutoka Chunya, wakalala chini kwenye mikeka, wakalia na kuchimba kaburi na kupika, wakaweka mikono yao juu ya daftari kwa heshima ya baba, na huyu amekaa pale na kitambaa cha machozi anawavuna. Eti ili asikae foleni.

Mama Viktoria alikuwa amesikia kila neno. Alirudi kwa mume wake akaingiza mkono dirishani, akamshika bega.

*

"Kuna jeki," Lugano alisema. Shavu lilikuwa limeanza kuvimba. "Jeki kubwa ya baba iko kwenye lori. Tunainua bodi, tunamtoa, tunamweka pembeni, Fagio likija linakuta kigari kitupu kweli. Magari yetu yanapona, naye anapona."

"Na ukizima vijaluba?"

"Wanaonekana hapohapo, na gari la wagonjwa linakuja. Lakini haiwezekani kuzima kimoja. Nimevishona pamoja, kimoja kikifa vyote vimekufa. Na Fagio liko njiani tayari, dada. Likifika hapa likute tela lina magari tisa yasiyo na mtu, unajua litafanya nini."

Alijua. Na hapa ndipo penye aibu yake, ambayo Tusekile hakuificha baadaye kwa yeyote aliyemuuliza: alichagua jeki. Aliyatazama magari ya baba yake pale chini, jua linang'aa kwenye taa za Zephyr, akasikia yale maneno mawili, akasema, "Lete."

Walijaribu kwa dakika saba. Waliiegemeza jeki kwenye jiwe, wakapiga mpini, bodi ikainuka upana wa kidole kimoja, Remigi akauma kofia yake. Kisha jiwe likateleza. Bodi ikarudi chini, na ukelele alioutoa yule mzee ulisikika hadi ng'ambo ya korongo. Damu ilianza kumwagika kutoka juu ya goti, nyingi, nyeusi kidogo. Mama Viktoria alivua kanga yake akaisukumia pale kwa mikono miwili.

Simu ilisema zimebaki dakika kumi na moja.

"Tuweke jiwe jingine," Lugano alisema.

Tusekile alikuwa anamwangalia, lakini aliyekuwa anamwona ni shangazi yao Subilaga, ambaye aliweka mkono wake kwenye daftari kabla ya watu wote kwa sababu marehemu alikuwa kaka yake. Shangazi Subilaga, ambaye kila siku saa moja asubuhi anavuka Barabara Kuu pale Uyole na jembe begani kwenda kwenye maharage yake, bila kutazama kushoto wala kulia, maana malori yanasimama. Yanasimama kwa punje.

"Nani mwingine yumo?" aliuliza. "Hawa ni wawili. Taja wengine ishirini na tisa. Leo asubuhi wameamka, wamevuka barabara, wamepanda mabasi, wamekwenda hospitali. Shangazi yumo?"

Ilikuwa wazi kabisa usoni mwa Lugano kwamba hakuwahi kulifikiria hilo. Alijua kushona nyaya, na aliwafikiria watu kama namba za kujazia viti. Tusekile angeweza kumsamehe mwizi. Huyu hata hakujua kwamba ameiba.

Alichukua nyundo ya baba kutoka kwenye boksi la vifaa lililokuja na jeki, akateremka hadi kwenye tela. Lugano alimfuata, kisha akampita, akasimama mbele ya Land Rover iliyokuwa mwanzo kabisa, akatandaza mikono.

"Baba alisema yafike mazima. Alikwambia wewe, hakuniambia mimi. Wewe ndiye uliyeahidi."

"Nimeahidi."

"Basi dakika kumi tu. Dakika kumi, dada. Tutamtoa."

"Miaka arobaini baba amefanya kazi ya ufundi," Tusekile alisema. "Uliwahi kumwona anaondoka gereji huku kuna mtu chini ya gari?"

Lugano alianza kulia. Hakuishusha mikono, ila haikuwa na nguvu tena, na Tusekile alimsukuma kando kwa bega. Kijaluba cha Land Rover kilikuwa chini ya kiti cha dereva, kimefungwa vizuri na waya mwekundu, kazi safi, kazi ambayo baba yao angeisifu. Alikipiga mara tatu.

Sauti ikatoka kwenye lori, pole kama kawaida. "Majeruhi wawili wamegunduliwa barabarani. Helikopta itafika baada ya dakika kumi na nne. Poleni." Kisha, bila kuvuta pumzi, kwa sababu haina pumzi: "Taka tisa zimegunduliwa kwenye tela. Zitaondolewa. Asanteni kwa kuiweka barabara safi."

*

Fagio lilikuja kutoka juu, linameremeta, linapiga king'ora chembamba. Lilipofika kwenye kigari lilisimama. Likasogea nyuma kidogo, likazunguka pembeni polepole, likikanyaga vitunguu kwa adabu. Hatua kumi kutoka kwa mtu ambaye robo saa iliyopita lingemsaga.

Tusekile alikuwa amerudi kwa Remigi. Mikono ya Mama Viktoria ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kile kidonda cha kichwa, kwa hiyo Tusekile ndiye aliyeshika kanga sasa, amelala nusu dirishani, viganja viwili juu ya mshipa. Akilegeza kidogo, damu inapanda. Aliwahi kulegeza mara moja ili abadilishe mkao, na hakurudia.

"Dada!" Lugano alikuwa anapunga mikono kutoka chini. Alikuwa amepanda ghorofa ya chini ya tela, mlango wa Peugeot 404 uko wazi. "Gari lenye mtu ni gari! Ingia kwenye Zephyr, mimi nakaa humu. Tutaokoa mawili. Njoo upesi!"

Na ilikuwa kweli. Mita mia mbili tu, kuteremka. Zephyr ndilo gari lililompeleka yeye kubatizwa, ndilo lililompeleka mama yao kanisani siku ya harusi, na Tusekile alitaka kukimbia. Miguu yake ilitaka. Alimtazama Mama Viktoria usoni bila kumwomba kitu, lakini yule mama aliliona ombi.

"Ukiuachia huo mguu," Mama Viktoria alisema, "usirudi hapa."

Tusekile alibaki. Lugano akaingia kwenye 404 akafunga mlango.

Fagio lilianza na ghorofa ya juu. Lilichukua zile Datsun mbili kwa pamoja. Sauti ya gari linalosagwa si kubwa kama mtu anavyodhani, ni kama mtu anatafuna muwa kwenye chumba cha pili, na baada ya kila gari kulikuwa na kishindo kimoja, kipande kinaanguka. Lilichukua Zephyr. Lilichukua Land Rover pamoja na kijaluba chake kilichovunjika. Tusekile aliyahesabu yote manane, uso wake umegandamana na bati lenye damu, na kila kishindo kilimwongezea hasira hadi hakujua aielekeze wapi: kwa walioandika sheria, kwa Lugano, kwa baba aliyewaachia ahadi isiyobebeka, kwa zile dakika saba za jeki ambazo ni zake mwenyewe. Cha kuazima hakisitiri matako, watu husema, na wao hata kuazima hawakuazima, waliiba.

Lilipofika kwenye 404 lilisimama. Ndani kulikuwa na mtu. Fagio likakunja meno, likatulia kando ya tela, linasubiri. Mashine haina haraka. Mtu atashuka tu, kwa njaa au kwa haja ndogo.

Helikopta ilikuja. Wahudumu wanne walikata bodi kwa msumeno, wakamtoa Remigi akiwa na mguu, ingawa hawakuahidi kwamba atabaki nao. Mama Viktoria alikataa machela, akapanda kwa miguu yake. Pale ngazini aligeuka.

"Nilisaini kwa ajili ya baba yako," alisema. "Nilikuwa nalia wakati nasaini. Mwambie mdogo wako hivyo."

*

Tusekile aliteremka hadi kwenye lori, akavuta daftari kutoka chini ya kiti cha Lugano. Lilikuwa bado na jalada jeusi na lile taji la karatasi walilobandika wanawake wa jumuiya. Akaenda kwenye 404 akalipitisha dirishani.

Lugano alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba anaenda mahali.

"Nisikilize, dada. Nimewaza. Nikikaa humu hadi breki zipoe, tukaendelea hadi Kibaha, saa tano, hata sita..."

"Simu yako ina chaji?"

"Inayo."

"Basi piga. Kila jina lililomo. Mwambie kila mtu ulichofanya, kisha muulize kama ni mzima. Jina lako ulitaje kwanza."

"Wote?"

"Ulipowahesabu kwa ajili ya foleni walikuwa wengi?"

Alianza na jina la mwisho, akawa anapanda kwenda juu. Tusekile alijua kwa nini, na alimwacha. Alisimama pale mlangoni, mikono imekaukiwa damu, akisikiliza. Mwalimu mmoja wa Chunya hakuelewa, ikabidi aambiwe mara tatu, kisha akakata simu. Mama mmoja wa Tukuyu alisema mlango wa zahanati umekataa kumfungulia tangu asubuhi, ana mjukuu mgongoni mwenye homa, na maneno aliyomwambia Lugano yalikuwa ya Kinyakyusa na Lugano aliyapokea yote kichwa chini. Kijana wa Igawilo alikuwa ameshushwa basi. Mzee mmoja alicheka. Mmoja alisema, "Na mimi nilikuchangia kuni, Lugano." Saa nzima ilipita hivyo. Sauti ya Lugano iliendelea kuwa ndogo, lakini hakuruka jina hata moja, na Fagio lilisimama pale linasubiri.

Likabaki jina moja, la juu kabisa.

Simu ya Shangazi Subilaga iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita hadi ikakatika. Mara ya tatu Lugano alikuwa ameiweka simu mapajani, ametoa sauti nje, na wote wawili walikuwa wanaisikiliza inavyoita uani kule Uyole, au popote ilipokuwa. Mara ya nne ikawa vilevile.

Lugano alimtazama dada yake kupitia dirishani. Kisha akafungua mlango.

"Naenda Uyole," alisema.

Tusekile hakumwambia ashuke wala hakumwambia akae. Mdogo wake aliteremka kwenye tela, akaanza kuupanda mlima kuelekea yalikosimama malori yanayokwenda Mbeya, simu mkononi, anapiga huku anatembea. Nyuma yake Fagio lilikunjua meno. Hakugeuka. Kishindo cha tisa kilipoanguka alijikwaa kidogo, basi, akaendelea.

Tusekile alikuwa anamfuata. Alimfikia penye vitunguu, na hapo ndipo simu ilipoita.

"Lugano?" Ilikuwa sauti ya shangazi, kubwa, yenye kuudhika. "Unanipigia mara zote hizi kama mtu anayefukuzwa. Simu niliiacha ndani, niko uani nachambua maharage."

Lugano alisimama.

"Hata hivyo afadhali umepiga, maana nina jambo," shangazi aliendelea. "Leo nimesimama kivukoni tangu saa moja na jembe langu. Magari hayasimami. Nasogea, yananipigia honi. Nasogea, honi. Watu wengine wanasimamishiwa, mimi napigiwa honi kama mbuzi. Jua limenichoma hadi nimerudi nyumbani. Nikamwita jirani nikamwambia, hebu nitazame vizuri, mimi nimekufa?"

Lugano alimtazama dada yake.

"Usinitazame mimi," Tusekile alisema. "Mjibu."